Siku Birika Lilipooshwa Utumbo

Mtahini aliposhuka garini, miwani yake ilikuwa imejaa mvuke pande zote mbili, na kwa muda mzuri tu alisimama katikati ya mwinuko akiifokea nguzo ya umeme, akidhani ni Klachi.

"Mwalimu," aliiambia nguzo, "gari hili likichemka tena kwenye mtihani wangu, kibali cha shule yako nakifuta. Na sitaki maelezo."

Nguzo haikuwa na maelezo. Klachi, aliyekuwa upande wa pili akiipepea boneti kwa zulia la miguuni, ndiye aliyejibu. "Nimekusikia, afande."

Hayo yalikuwa ya mtihani wa mwezi uliopita. Wa mwezi huu ulikuwa kesho asubuhi. Mwinuko ni uleule, gari ni lilelile, na mtahiniwa wa shule ya Klachi alikuwa mmoja tu: mama mkwe wake.

Klachi si jina alilopewa na wazazi wake. Ni neno analolitamka kuliko maneno mengine yote, mara kwa upole kama anabembeleza mtoto, mara kama mtu aliyeona lori linakuja: klachi, klachi, klachi. Zamani alikuwa mshonaji wa sare za shule. Mumewe ni nesi wa zamu ya usiku, mtu mpole anayependwa na wagonjwa, mwenye ugonjwa mmoja tu wa kusinzia popote anapoketi. Alfajiri moja alirudi kazini akiendesha, akasinzia, akaamka ndani ya banda la kuku la jirani, jogoo amesimama juu ya boneti anatangaza habari. Siku hiyo Klachi alichukua ufunguo wa gari na hajaurudisha mpaka leo.

Alijifunza kuendesha kwa kuwatazama madereva wa teksi miguu. Watu wakadhani ana tatizo la shingo. Alipopata leseni, mke wa kinyozi akaja kuomba afundishwe, akaja na dada yake, dada akaja na shoga zake, na kabla mwaka haujaisha cherehani ilikuwa imelala na shule imezaliwa. Kanyagio la ile cherehani ndilo lililochomelewa upande wa abiria likawa breki ya mwalimu. Wanafunzi wapya hulicheka, mpaka siku wanapoukaribia ukuta.

Wanafunzi wake wengi ni wanawake waliokwisha kulea. Wachache ni wanaume waliowaambia wake zao kwamba wanajua kuendesha tangu ujana. Hao huja jioni, wamevuta kofia hadi puani, na humlipa kwanza ada ya kunyamaza.

Na gari lenyewe ndilo Birika. Limemzidi umri mwalimu, lina rangi ya chai iliyosahaulika kwenye kikombe, na jina lake halihitaji kuelezwa kwa mtu aliyewahi kuliona likipanda mlima.

Sasa, si kwamba Birika lilikosa madaktari. Mtaani kwetu boneti ikifunguliwa ni mkutano wa hadhara. Hakuna mwanaume anayeweza kuipita bila kusimama, kushika kiuno, kuinama, kuguna, na kutoa dawa. Rejeta inavuja? Kinyozi anaamini pilipili manga, kijiko kimoja cha kujaa, inavimba inaziba tundu. Muuza mkaa anaamini tumbaku. Shemeji yake Klachi, mdogo wa mumewe, fundi redio kwa cheo na fundi wa kila kitu kwa kujiteua, anaamini yai. Yai bichi unalipasua ndani ya rejeta, linakutana na maji ya moto, linaiva, linaziba. Na kweli huziba. Tatizo ni kwamba yai halina macho ya kuchagua tundu la kuziba na njia ya kuacha wazi. Kwa miaka yote hiyo Birika lililishwa vizuri kuliko baadhi yetu. Klachi mwenyewe, siku moja barabarani, aliwatoa wanafunzi jojo walizokuwa wakitafuna na kuzibandika kwa ndani. Sisi tusiokuwa na dawa tulichangia maneno.

Aliyeuliza swali la maana alikuwa mama mkwe, ambaye mtaa mzima humwita Bi Mkubwa. Alikuwa ameketi barazani na kitabu cha alama za barabarani mapajani, anasubiri kesho kama mtoto anavyosubiri nguo mpya. Marehemu mumewe hakumruhusu kugusa hata usukani wa baiskeli. Alikaa eda, akaimaliza, akaja kwa mkaza mwanawe na kusema, "Nifundishe." Wenye umri wake walicheka mpaka wakashika mbavu, kisha wakaulizia ada.

"Mwanangu," alisema sasa, akimtazama Klachi aliyekuwa amesimama mbele ya boneti iliyo wazi, "hivi hili gari, kila siku mnalilisha tu. Lilishawahi kuharishwa?"

Klachi aligeuka. "Mama unasema?"

"Nimelea watoto. Tumbo likijaa visivyohusika, huongezi chakula. Unalisafisha litoke lote."

Uso wa Klachi ulifunguka taratibu, kama dirisha la nyumba iliyofungwa msimu mzima. Alivua bangili. Akamwita shemeji yake, si kwa ushauri, kwa spana.

Injini ilikuwa ya baridi, imelala tangu jana, na ndivyo inavyotakiwa, maana kufungua kifuniko cha rejeta yenye moto ni kuomba kuchubuliwa uso. Aliweka beseni chini, akalala chali juu ya gunia, akafungua koki ya chini ya rejeta. Tulitegemea maji. Kilichotoka kilikuwa uji mwekundu mzito wenye vipande, ukishuka bila haraka, kama ofisa anayerudi kutoka mapumziko ya mchana.

"Hiyo ni kutu," kinyozi alisema, akiinama.

"Na hivyo vyeusi?"

Kinyozi alinyanyuka, akatazama angani. "Hivyo ni pilipili manga," alisema polepole.

Klachi alikuwa amekwishainuka. Macho yalimng'aa, mikono ilikuwa na kasi. Alilegeza mpira wa juu, akafungua kikombe kidogo cha chuma mbele ya injini anamokaa mlinzi wa maji, kidude cha shaba kinachoitwa themostati. Kazi yake ni moja: injini ikiwa ya baridi hufunga njia, ikipata moto hufungua maji yakimbilie kwenye rejeta kupoa. Mlinzi akikataa kufungua, maji hubaki ndani ya injini yakichemka, na mtahini huongea na nguzo.

Klachi aliingiza bisibisi, akakinyanyua. Kidude kilikuwa kimevikwa yai. Yai la kuchemsha, kukuu, la kijivu, limekizunguka pande zote kama bandeji, limenyunyiziwa pilipili, na katikati imebanwa jojo.

"Shem," Klachi alimwita shemeji yake.

"Naam, shem."

"Njoo uone kifungua kinywa chako."

Shemeji alisogea, akatazama, akakuna shingo. "Lakini lilikuwa linaziba vizuri."

"Limeziba mlango, shem. Tundu liko kule, wewe umeziba mlango."

"Na jojo ni ya nani?"

Hapo Klachi aligeukia upande mwingine kutafuta spana ambayo alikuwa ameishika.

Kidude kilitumbukizwa kwenye bakuli la siki kilainike, na kazi ikahamia kwenye injini yenyewe. Ubavuni kuna bolti ya kutolea maji, na bolti hiyo ilikuwa haijaguswa tangu gari lilipokuwa jipya, enzi ambazo hakuna shahidi. Klachi aliitia mafuta, akaigonga, akaisubiri, akaikaza kwanza ndipo akailegeza, akaning'inia kwenye spana kwa uzito wake wote. Ikalia. Ikageuka. Ikatoka.

Hakikutoka kitu. Hata tone.

"Mko salama," alisema shemeji, amechuchumaa mbele ya tundu, jicho moja amelifumba. "Humu hakuna maji. Ni pakavu."

"Si pakavu. Pameziba." Klachi alinyoosha mkono bila kugeuka. "Mama, nipe sindano yako ya kufumia."

Bi Mkubwa aliichomoa kwenye sweta alilokuwa akimfumia mjukuu, mishono ikafumuka, hakujali. Klachi aliingiza ncha tunduni. Akasukuma, akazungusha. Kitu kigumu. Akasukuma tena. Kikalegea. "Shem, toka hapo," alisema.

"Nipo tu naangalia."

Ilitoka yote kwa pamoja, tope la rangi ya matofali lenye nguvu ya miaka, likampiga shemeji kifuani, likapanda kidevuni. Mtaa ulipasuka kwa kicheko. Bi Mkubwa alisimama barazani akipiga makofi kama yuko uwanjani na timu yake imefunga. Shemeji alibaki amechuchumaa, tope linamdondoka, akasema kwa heshima kubwa, "Kumbe paliziba."

Ndani ya nyumba nesi aligeuka kitandani, akaendelea kulala.

Kisha ikaja zamu ya mpira wa bustani. Bi Mkubwa alikataa kukaa, akakabidhiwa bomba. Klachi alimwelekeza amwage maji kinyumenyume, yaingie kwa kule yanakotokea siku zote, maana uchafu ulioshindiliwa kwa mbele hutoka kwa nyuma. Chini ya rejeta maji yakaingia, juu yakatoka mekundu, halafu kahawia, halafu rangi ya chai, halafu rangi ya chai ya wageni wasiotakiwa. Yakapitishwa ndani ya injini. Yakapitishwa kwenye hita, kirejeta kidogo kilichojificha chini ya dashibodi, ambacho tangu Klachi aolewe hakijawahi kupuliza chochote na sisi tuliamini swichi yake ni ya urembo. Hita ilikohoa, ikatema kokoto za kutu, ikapitisha maji.

"Hii kazi yake nini, na joto lote hili la nchi?" Bi Mkubwa aliuliza.

"Inachukua moto wa injini inaupulizia ndani. Injini ikizidiwa unaweza kuifungua ikupunguzie mzigo."

"Kwa hiyo joto linatoka kwa gari, linahamia kwa abiria."

"Ndiyo, mama."

"Abiria atavumilia."

Jikoni, kidude cha shaba kilichooshwa kilitumbukizwa ndani ya sufuria ya maji iliyokuwa motoni, na wote tulijazana mlangoni, vichwa juu ya vichwa. Maji yalianza kuimba. Kidude kimenuna. Maji yakatoa mapovu. Klachi ameuma mdomo. Ghafla katikati pakatokea ufa mwembamba, ukapanuka, na kile kidude kikafumbua jicho polepole mle ndani ya mvuke. Kinyozi akamkumbatia muuza mkaa, watu ambao huwa hawasalimiani.

Kila kitu kilirudishwa mahali pake. Maji mapya yakajazwa, angavu kiasi kwamba Bi Mkubwa alichungulia kwenye shingo ya rejeta akajitengeneza kilemba. Klachi aliwasha gari. Birika likanguruma, likatulia. Watu wakaanza kupongezana kana kwamba wao ndio walioshika spana.

Ndipo tone likaanguka chini. Halafu la pili. Halafu ukawa mfereji mwembamba kwenye pembe ya rejeta.

Hata asiyejua magari alielewa. Uchafu ule ndio uliokuwa umeziba tundu, na uchafu tumeutoa kwa shangwe. Kesho asubuhi ilikuwa palepale, mwinuko palepale, na Klachi alikuwa anatazama maji yake masafi yakienda zao mtaroni.

Bila mtu kutumwa, shemeji alitokea na yai. Alilishika kwa vidole vitatu, kama anavyoshika balbu. "Shem," alisema taratibu, "moja tu. La kesho. Ukitoka kwenye mtihani, utaosha tena."

Na Klachi alilipokea. Tusimsingizie ushujaa; alilipokea, akalizungusha kiganjani, akaitazama shingo ya rejeta iliyokuwa wazi. Ukiwa na shule kwenye mizani na jua limeshaanza kuinama, yai huwa na sauti tamu. Alilisogeza hadi ukingoni.

Bi Mkubwa akalichukua kutoka mkononi mwake, akaingia nalo ndani. Baada ya muda mfupi tulisikia mafuta yakichachatika kwenye kikaango.

"Mimi ndiye ninayefanya mtihani," alisema kutoka jikoni. "Mimi ndiye ninayestahili yai."

Klachi alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanyanyuka kama aliyechomwa. "Rejeta ya zamani," alisema. "Hii ni shaba. Shaba inalehemika." Alikwishaanza kufungua bolti. Mtaa wa pili yuko mzee anayelehemu masufuria, na gari lilivyo la kale, dawa yake ilikuwa kwa mtu wa masufuria muda wote huo. Klachi alishika rejeta upande mmoja, shemeji na tope lake upande mwingine, wakakimbia nayo barabarani kama wamebeba mgonjwa, sisi nyuma tunawasafishia njia tuliyokuwa tukiiziba wenyewe.

Mlehemu alikuwa anafunga. Alitazama rejeta, akamtazama shemeji. "Huyu amefanyaje?"

"Huyu ni hadithi, mzee wangu. Tundu ni hili."

Alikwangua pembe mpaka shaba ikang'aa, akapasha chuma, risasi ikayeyuka, ikatiririka, ikatulia juu ya tundu kama tone la fedha. Akaijaza maji, akaibinua huku na huku. Tukainama wote. Haikutoa hata jasho.

Rejeta ilirudi mahali pake kabla giza halijaingia. Klachi alijaza maji yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu, akawasha gari kifuniko kikiwa wazi, akaiminya mipira ya maji kama anayemkamua ng'ombe, hewa iliyonaswa ikatoka mapovu kwa mapovu, akaongeza maji, yakatulia. Hapakuwa na muda tena wa kulijaribu mlimani. Alilala bila kujua iwapo litapanda, kama kweli alilala.

Asubuhi mtahini alikagua gari kwa mbali kwanza. Kisha akaketi mbele, upande wa abiria. Kwa utaratibu wake mwalimu hukaa nyuma na haruhusiwi kusema neno. Kwa Klachi hiyo ni adhabu kamili. Bi Mkubwa alirekebisha kioo, kisha kilemba, akaingiza gia.

Sehemu ya tambarare ilikwenda vizuri. Aliegesha vizuri, akageuza vizuri, akampisha mwenda kwa miguu ambaye hakuwa na nia ya kuvuka. Mwinuko ulipoanza, mshale wa joto ulikuwa katikati, umetulia. Klachi aliutazama katikati ya mabega mawili bila kupepesa.

Nusu ya mlima wakalikuta lori la mchanga. Lori lilikuwa linapanda kwa kufikiri. Likasimama. Bi Mkubwa akavuta hendibreki. Lori likasogea hatua, yeye akaondoka kwenye mlima bila kurudi nyuma hata kidole, lori likasimama tena. Jua linapiga, upepo hakuna, injini inavuta. Mshale ukaanza kupanda. Klachi akauma ncha ya mtandio. Ukapanda tena. Mtahini naye akauona. Alivua miwani yake, akaifuta mapema, akaishika mkononi.

Bi Mkubwa alinyoosha mkono kwenye dashibodi, akazungusha swichi ya hita mpaka mwisho.

Ilipuliza kama tanuri lililofunguliwa mlango. Karatasi za mtahini zikapeperuka mapajani.

"Mama, unafanya nini?"

"Napoza injini, baba."

"Unanichoma mimi."

"Vumilia kidogo, lori linaondoka."

Mtahini akatafuta kishikio cha kioo. Kioo cha upande huo hushushwa kwa koleo, na koleo lilikuwa limebaki nyumbani. Alilegeza tai. Akafungua kifungo. Jasho likamshuka kwenye kope, likadondokea kwenye fomu. Klachi nyuma alikuwa analoa vilevile, ila macho yake yalikuwa kwenye mshale tu. Mshale ulisita. Ukakaa. Kisha, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa na mama yake, ukaanza kurudi.

Lori likapata nguvu. Bi Mkubwa akaachia klachi taratibu, Birika likashika, likapanda, likampita mwenye lori pale barabara ilipopanuka, na juu kabisa akaegesha sambamba na ukingo, gia kwenye nyutro, hendibreki juu, mikono magotini kama yuko studio anapigwa picha.

Mtahini alitoka nje. Shati lilikuwa limemshika mwili mzima. Alizunguka mbele, akasogeza kiganja juu ya boneti kwa tahadhari ya mtu anayepima homa ya mbwa. Akasubiri mvuke. Akainama akatazama chini kama kuna tone. Akatia saini palipobaki pakavu kwenye fomu ya Bi Mkubwa.

Klachi alikuwa amekwishashusha kioo cha nyuma. "Na kibali cha shule, afande?"

Mtahini alijifuta uso kwa tai yake. "Gari halijachemka," alisema. "Nimechemka mimi. Na kwenye sheria sijaona mahali wanaponitaja." Alifunga faili, akaliweka kichwani kukinga jua. "Kibali kinabaki. Ila kuteremka nateremka kwa miguu."

Akaanza kushuka mlima peke yake. Klachi hakupiga kelele. Alitoka nyuma, akaja kukaa mbele, kwenye kiti kilicholowa, akavuta pumzi ndefu mara moja tu.

"Zima hita, mama."

"Nimefaulu?"

"Umefaulu, na shule ipo. Zima hita tuondoke."

Bi Mkubwa aliizima. Akatazama kioo cha nyuma, cha kushoto, cha kulia, akawasha indiketa ingawa barabara nzima ilikuwa tupu. Klachi akafungua mdomo.

"Usiniambie klachi," Bi Mkubwa alisema. "Nina leseni."